Sishonei Kibiongo

Mtaani walimwita Fundi Rula, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alilipata kwa sababu ya mdomo wake mwenyewe. Mteja akija kupimwa suti, Rula hakukimbilia futi ya kupimia. Alimzunguka kwanza taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua gari lililokwisha kutumika na wengine, kisha akampiga kofi dogo katikati ya mabega na kumwambia, "Simama wima. Mimi sishonei kibiongo." Wakubwa kwa wadogo walilionja kofi hilo. Mwalimu mkuu alilionja. Meneja wa benki alilionja siku ya kwanza tu aliyotia mguu dukani, akacheka kwa haya, akavuta tumbo ndani, akainua kidevu, na suti aliyotoka nayo anaisifu mpaka leo.

Tatizo ni kwamba Rula mwenyewe alikuwa amepinda, tena si haba. Miaka yote aliyokaa juu ya cherehani, pua karibu na sindano, ilikuwa imemvuta shingo mbele na kumkunja mabega, hata akiingia mahali kichwa kilitangulia na mwili ukafika baadaye. Mtaa mzima uliliona jambo hilo. Asiyeliona alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa akigawa makofi ya mgongoni.

Msimwone mjinga. Alikuwa na ushahidi, na ushahidi wake ulikuwa makoti. Katika nyumba ile fundi hakujishonea nguo zake. Mkewe, ambaye dukani ndiye mkataji, alikaa upande wa pili wa meza na mkasi wake mkubwa, na yeye ndiye aliyemshonea mumewe. Mume naye akamshonea mke. Walianza mchezo huo walipooana, mapenzi yakiwa bado ya moto, na mchezo ukageuka sheria. Tena mama huyo hakumpima mumewe kwa futi. Alimtazama tu akipita, akakata. Siku ya kuvaa, Rula alisimama mbele ya kioo, koti likaanguka mahali pake bila kubembelezwa: kola imelala shingoni, pindo la mbele limelingana na la nyuma, hakuna mkunjo. Wateja waliitwa dukani tena na tena kujaribisha. Yeye hakujaribisha hata siku moja.

"Mwili ulionyooka haujaribishwi," alipenda kuwaambia, huku akijipapasa kifua. Mkewe alikuwa akikata uzi kwa meno wakati huo na hakusema kitu. Mwenyewe akisimulia kisa hiki siku hizi, husema hapo ndipo alipotakiwa kushtuka, maana mke wake hajawahi kuwa mtu wa kunyamaza.

Mambo yalianza kwenda kombo binti yao alipopata mchumba na siku ya harusi ikapangwa. Binti alikuja dukani jioni moja, akakaa juu ya majora ya vitambaa kama alivyokaa utotoni, akamwomba baba yake jambo moja. Hakutaka kuingia ukumbini kwa vishindo wala msafara. Alitaka aingie na baba yake tu, wameshikana mikono, watembee kutoka mlangoni mpaka mbele. "Na nataka watu watuone sura zetu sote wawili, baba," akamalizia. Rula akasema ndiyo kabla hajamaliza kusikia. Machozi yalimlenga, akajifanya anatunga uzi. Hilo neno la sura hakulitilia maanani, ingawa kwenye picha zote za familia iliyo na picha nyingi kama ile, yeye alionekana upara tu.

Wiki iliyofuata mgongo ukagoma. Alikuwa akiinuka kutoka kwenye cherehani, akafika nusu ya safari, na kitu kikamshika kiunoni kikamwambia hapa ndipo mwisho. Akabaki hivyo hivyo, mkono mmoja mezani, mwingine nyuma, macho sakafuni. Mkewe akamuuliza amepoteza nini. Rula akajibu kwamba amedondosha kifungo. Mama wa watu akapiga magoti, akakitafuta kifungo hicho chini ya meza, nyuma ya pipa la vipande, kila mahali, na Rula akawa anamwelekeza kwa kidole, afadhali pale, hebu angalia na kule, mpaka maumivu yalipolegea akaweza kukaa tena.

Tangu siku hiyo maumivu yakawa mpangaji wake. Alijipaka dawa za kuchua mpaka wateja wakawa wanapiga chafya. Alilala sakafuni, alikandwa kwa maji ya moto, alifuata ushauri wa kila aliyewahi kuumwa. Hospitali hakutaka kuisikia. Alisema hospitali ni ya watu waliopinda. Lakini akiwa peke yake roho haikutulia, kwa kuwa ukumbi ule waliouchagua aliujua, ni mrefu, na hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba katikati ya safari, mkono wa binti mkononi, kile kitu kitamshika kiuno, na atabaki pale mbele ya watu wote akitafuta kifungo.

Akaamua kufanya mazoezi ya kutembea. Alitoka dukani akanyoosha mguu kwa mwendo wa harusi, akafika kwa kinyozi wa jirani, akalazimika kushika ukuta. Kinyozi akamletea kiti, akamfunga shuka shingoni na kumuuliza anapunguza au ananyoa. Rula aliona haya kusema ukweli. Alirudi dukani amenyolewa upara ambao haukuwa na cha kunyolewa.

Hapo ndipo ilipomjia fikra ambayo isingemjia mtu yeyote isipokuwa fundi wa nguo. Kola isiyosimama huwekewa kitambaa kigumu ndani. Bega linaloanguka hutiwa pedi. Basi mgongo usiosimama una tofauti gani? Siku mkewe alipokwenda kununua bitana, Rula aliivunja sheria ya nyumba akajishonea kizibao cha turubai, chenye mfuko mwembamba mrefu nyuma, kuanzia shingoni mpaka chini ya kiuno. Ndani ya mfuko huo akaitumbukiza rula ya mbao ya dukani, ile ya kupigia mistari ya chaki. Akakivaa kizibao, akavaa shati juu yake, akajitazama kwenye kioo. Alisimama kama askari wa gwaride. Kwa nini watu wanasumbua madaktari, alijiuliza.

Siku mbili tatu mambo yalikuwa matamu. Alipita barabarani kichwa juu, na akisalimiwa aligeuka mwili mzima kuitikia, maana shingo peke yake ilikuwa haigeuki. Wengine walidhani amepandwa na kiburi kwa sababu ya harusi. Dukani mkewe aliitafuta rula yake asubuhi mpaka mchana, na Rula akamsaidia kuitafuta. Safari hii hakuweza kuinama, kwa hiyo alitafuta kwenye rafu za juu.

Ndipo akaja mkwe. Baba wa bwana harusi alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mtu mzito wa mwili na mpole wa maneno, na suti yake ya harusi ilikuwa imefikia hatua ya kujaribishwa. Rula alimpokea kwa heshima zote, akamvalisha, akamzunguka, mikono nyuma, na kofi halikumwacha hata yeye. "Simama wima, mkwe. Unanijua, mimi sishonei kibiongo." Mkwe akasimama wima. Kilichobaki ni kutia alama ya chaki kwenye pindo la suruali, kazi ambayo Rula ameifanya maisha yake yote bila kufikiri, na bila kufikiri akapiga magoti, akainama.

Rula ilikatika kwa mlio uliosikika mpaka kwa kinyozi.

Mkwe amesikia ekseli zikivunjika porini na anaujua mlio wa kitu ambacho hakitaendelea na safari. Hakupiga kelele. Aliinama polepole, akamwekea mkono Rula kisogoni, akamwambia kwa sauti ya kumfariji mgonjwa, "Usisogee, mkwe. Uti wa mgongo umekatika. Nimeusikia." Na Rula, kidevu chake kikiwa juu ya kiatu cha mkwe wake, chaki bado iko mkononi, aliamini. Mwenyewe anakiri kwamba aliamini kabisa, maana kile kitu nacho kilikuwa kimemshika kiuno kuliko siku zote, na vipande viwili vya mbao vilikuwa vikimchoma nyuma kwa namna ambayo mifupa iliyovunjika pengine huchoma. Alifumba macho, akamwazia binti yake akiingia ukumbini peke yake, akalia.

Walimbeba kwenye ubao wa juu wa meza ya kukatia, wanaume wanne na mkwe akiongoza kwa suti yenye alama za chaki na mguu mmoja wa suruali usiopindwa. Mtaa wote ulitoka. Waliowahi kuonja kofi walimsindikiza kwa macho ya huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko kiuno. Hospitali walimlaza kifudifudi, wakampasua shati, wakakuta kizibao. Wakakata kizibao, vipande viwili vya mbao vikadondoka sakafuni kimoja baada ya kingine.

Mkewe, aliyekuwa amekuja mbio na viatu mkononi, akavitazama. "Rula yangu," akasema.

Uti ulikuwa mzima. Alipewa dawa za maumivu, akapelekwa kwa mtaalamu wa viungo, dada wa rika la binti yake, mwenye mikono migumu na maneno machache. Huyo hakumzunguka wala hakumpiga kofi. Alimwambia tu asimame na kuegemea ukuta, visigino viguse, makalio yaguse, mabega yaguse, na sasa kichwa. Kichwa hakikugusa. Rula akajivuta, akakunja uso, akainua kidevu kuelekea dari, kichwa hakikugusa. Dada yule akapitisha ngumi yake yote kati ya ukuta na kisogo cha fundi, ikapita.

Rula akauliza ukuta huo ulijengwa na nani. Alipoambiwa ukuta hauna kosa, akatoa ushahidi wake, akaeleza habari za makoti yake yanavyomkaa bila kujaribishwa, pindo la mbele na la nyuma sawasawa, jambo lisilowezekana kwa mtu aliyepinda, na kama haamini amuulize mkewe huyu hapa. Mkewe alikuwa akitazama dirishani kwa makini sana.

"Mimi makoti siyajui, mzee," dada akamjibu. "Ninaujua ukuta."

Akampa masharti. Meza ya cherehani iinuliwe ili kazi ipande kwenye macho, badala ya macho kuishukia kazi. Kiti kiwe cha kimo kinachoruhusu nyayo kukanyaga chini, na kiunoni akae na kimto. Asikae kitako muda mrefu bila kuinuka na kujinyoosha. Kila siku alale chali akunje magoti na kuyavuta kifuani, kisha asimame ukutani na kurudisha kidevu nyuma taratibu, kama mtu anayekataa kijiko cha dawa. Kuhusu kizibao alisema kwamba misuli ya mgongo ikipata kitu cha kuishikia kazi italala, na mbao haiwezi kumfanyia mtu kazi ya kusimama. Rula akaitikia kila sharti kwa kichwa. Mzee, alikuwa amemwita, na hilo nalo aliondoka nalo rohoni.

Hapo aibu zake zikaanza rasmi. Ukuta pekee wenye nafasi dukani ulikuwa ule wa karibu na mlango, kwa hiyo kila aliyeingia alimkuta fundi amebandikwa pale, mikono ubavuni, macho mbele. Mwalimu mkuu alimuuliza amefanya kosa gani. Zoezi la kidevu ndilo lililomharibia biashara zaidi, kwa sababu ukimrudishia mtu kidevu nyuma wakati anakufungulia kitambaa chake, anadhani umekidharau. Mama mmoja alikunja kitambaa chake akaondoka kwa hasira na kumpa vidonge vyake akiwa barabarani. Cherehani ilipandishwa juu ya magogo aliyoyakata seremala, na kwa mara ya kwanza Rula alikaa akijiona kwenye kioo cha upande wa pili. Alijikuta mara kwa mara ameteleza na kurudi kwenye mkunjo wake wa zamani, pua karibu na sindano, na kila alipojifuma alijisikia kama aliyeshikwa akiiba sukari.

Lile kofi aliliacha. Hakutangaza, ila mteja alipokuja alimpima kimya kimya, na alipofika mabegani mkono ulimrudi wenyewe.

Lakini alijikaza. Picha ya ukumbi mrefu haikumtoka, na kila asubuhi alikwenda ukutani kwake kabla ya chai. Pengo la ngumi likawa la kipande cha chaki, kisha la shuka lililokunjwa. Maumivu yakaanza kuchelewa kuja, siku nyingine yakasahau njia. Na dunia ikabadilika kidogo. Rula aligundua kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiwatambua watu kwa mapindo ya suruali zao. Sasa aliziona sura, nyingine zimezeeka bila yeye kuarifiwa. Kinyozi alikuwa na kovu kwenye kidevu. Mkewe alikuwa mfupi kuliko yeye, jambo ambalo alikuwa amelisahau kabisa.

Asubuhi ya harusi mkewe aliliweka koti lake kitandani, limefungwa kwenye shuka safi, akaenda kumvalisha binti. Alikuwa amelishona nyumbani, kidogo kidogo, tangu siku ile harusi ilipopangwa, na mumewe hakuruhusiwa kuliona. Rula alifungua shuka, akapitisha mkono kwenye bitana ya hariri, akameza mate. Kitambaa hicho alikuwa amekitamani miaka. Alivaa, akafunga kifungo, akasimama mbele ya kioo wima kabisa, kama alivyofundishwa.

Alimwona mtu aliyeazima koti. Mbele limepanda juu na kuachama, nyuma limeshuka kama mkia, na chini ya kola umekaa mkunjo mnene unaotosha kuficha mkate. Alivuta hapa, akavuta pale. Mawazo ya kwanza yaliyomjia ni kwamba macho ya mkewe yameanza kufifia na hakuna aliyegundua. Akalivua, akalilaza kitandani, akalikunja mshono kwa mshono kama anavyofanya na koti lolote la fundi mwingine linaloletwa kurekebishwa. Kipande cha nyuma kilikuwa kirefu kuliko cha mbele, na tofauti yake ilikuwa upana wa kiganja.

Kosa halikatwi kwa usafi namna hiyo. Kila fundi anajua koti la hivyo hukatiwa mtu gani.

Alifungua kabati akatoa makoti yake yote, la mwaka juzi, la ubatizo wa mpwa wake, la kustaafu kwa jirani, akayalaza kitandani moja baada ya jingine na kuyakunja. Kila alivyorudi nyuma tofauti ilipungua: vidole vinne, vitatu, viwili, kidole. La mwisho lilikuwa lile alilovaa alipooa, bitana yake imetobolewa na nondo na vifungo haviwezi tena kulizunguka tumbo lake. Nyuma na mbele sawasawa. Kupinda kwake kote kulikuwa pale kitandani, hatua kwa hatua, kumekatwa na mkasi wa mkewe, na yeye alikuwa amejipapasa kifua mbele ya wateja miaka yote hiyo.

Mkewe akaingia amevaa, akamkuta amekaa katikati ya makoti. Hakuhitaji kuelezwa.

"Tangu lini?" Rula akauliza.

"Tangu mtoto alipoanza shule. Kidogo kidogo, kila koti kidogo."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Ulikuwa unavaa, unajitazama, unafurahi. Nilikuwa nakushonea ufurahi." Akaliokota koti jipya, akapitisha kidole kwenye mshono wa nyuma. "Hili nilikata kabla ya hospitali. Kila asubuhi nilikuona pale ukutani, na bado sikulifumua. Sikudhani utanyooka, baba. Nisamehe. Sikudhani."

Rula alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Aliona haya, halafu akamwonea huruma huyu aliyetunza siri ya mgongo wake kwa muda wote huo, halafu akakumbuka kofi alilompiga meneja wa benki, na kicheko kikamtoka puani. Nje gari likapiga honi. Muda wa kufumua koti haukuwepo. Makoti mengine yote yalikuwa ya mtu yule yule aliyepinda. Na kuingia ukumbini bila koti, fundi wa suti, harusini kwa bintiye mwenyewe, heri angekatika uti kweli.

Kwa kujaribu tu akayaachia mabega. Akaisogeza shingo mbele, mahali pake pa zamani. Koti likashuka likatulia, kola ikalala, pindo likalingana. Lilikuwa koti zuri kuliko yote aliyowahi kushonewa. Mume na mke wakatazamana kwenye kioo. Ni kutoka mlangoni mpaka mbele tu, Rula akasema, na wateja wangu wote wako mle ndani.

Mlangoni mwa ukumbi binti alimshika mkono, ngoma ikaanza, wakaingia. Rula alikuwa amepinda sawasawa na kipimo. Alisikia minong'ono ya kulisifu koti. Aliona sakafu iliyopigwa dawa, viatu, na mapindo ya suruali alizozishona mwenyewe. Akamtambua mwalimu mkuu, akamtambua meneja, akamtambua kinyozi. Aliona ncha ya gauni la binti yake ikisogea pembeni ya kiatu chake. Mkono wa binti ulikuwa umemkaza vidole, na kutoka kule chini alikokuwa hakuweza kujua kama ni furaha au ni hofu. Akaisikia tena sauti yake akiwa amekaa juu ya majora. Sura zetu sote wawili, baba.

Akasimama katikati ya ukumbi. Akarudisha kidevu nyuma, akashusha mabega, akatafuta ukuta ambao haukuwepo, na akanyooka mpaka mwisho. Alilisikia koti likiruka mbele na kujikunja nyuma. Minong'ono ikakatika, mtu mmoja akakohoa. Akageuza uso akamtazama binti yake. Binti alikuwa analia na anacheka, na alikuwa anamtazama yeye. Inaonekana alikuwa akimtazama tangu mlangoni.

Walitembea hivyo mpaka mbele, mgongo haukumshika. Mkwe alikuja kuwapokea kwa suti isiyo na dosari, akamkumbatia Rula, na mkono wake ukatua kwenye ule mkunjo mnene chini ya kola. Alishtuka, akaupapasa kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kusikia mlio fulani.

"Mkwe," akamnong'oneza, "umeweka rula nyingine?"

"Hapana," Rula akamjibu. "Safari hii ni mgongo."

Picha ya siku hiyo imetundikwa dukani, juu ya ule ukuta wa mazoezi. Binti ametoka vizuri, baba ametoka vizuri, sura zote mbili zinaonekana, na koti ni la kutisha. Hakuna mteja anayeingia bila kuuliza ni fundi gani aliyefanya unyama ule. Rula humwachia mkewe ajibu. Naye hujibu bila kuinua mkasi kwenye kitambaa kwamba lile koti ni kazi yake, alilishona kwa mikono yake, ila alimkatia mume wake wa kwanza. Mteja hubaki akimwangalia fundi kwa huruma, hajui aseme nini, na Rula hurudisha kidevu chake nyuma taratibu na kuendelea kuegemea ukuta.